Swali la Kumi na Tatu Kwenye Fomu Yako

Mwanangu Skolastika,

Barua huanza kwa kuulizana hali. Wewe nakusikia huko uani ukibishana na baba yako kuhusu kamba ya kufungia lile pipa la kukaangia kahawa, kwa hiyo hali yako naijua. Yangu utaijua ukimaliza kusoma.

Juu ya bahasha nimekuandikia usiifungue hapa nyumbani. Kesho utafika Mbamba Bay mchana, na meli ya kuvukia Malawi haiondoki mpaka jioni. Tafuta mahali pa kukaa, usome yote, ndipo uamue. Nimechagua hivyo makusudi, ili ukisoma uwe bado upande wetu, na barabara ya kurudi iwe bado iko wazi.

Sitaandika habari za blanketi, wala dawa ya malaria, wala misa ya Jumapili. Hayo nimeyasema wiki nzima mpaka ukaanza kuyasema pamoja nami ukiniigiza sauti, na baba yako akacheka. Niliyasema mno kwa sababu kulikuwa na jambo jingine limenikwama kooni, na kila lilipotaka kutoka nilitanguliza blanketi.

Unakumbuka siku ile tulipokuwa tunachagua maharage mezani, wewe ukinisomea fomu ya kibali cha mwekezaji na kunifasiria kutoka Kiingereza? Ulisoma habari za mtaji, ukasoma za mchanganuo wa biashara, ukasoma za chumba utakachokaangia kahawa, na mimi nikawa naitikia kama kwenye litania. Ulipofika swali la kumi na tatu, ulisema wanataka kujua kama mwombaji au mdhamini wake amewahi kunyimwa kibali au kuamriwa kuondoka nchini kwao. Mdhamini ni mimi, nimetia saini chini kabisa. Ukauliza, "Hili ni hapana, eti mama?" na kalamu yako ilikuwa imeshagusa karatasi. Nikasema, "Andika."

Tangu siku ile nimekuwa najitetea moyoni kwamba sikusema hapana, nilisema tu uandike. Huo ni ujanja wa mtoto aliyekutwa na sukari midomoni. Jibu la swali la kumi na tatu ni ndiyo, Skola. Niliwahi kunyimwa kibali, na niliwahi kuamriwa kuondoka, na ni katika mji uleule unaokwenda wewe.

Ule ubao wa mlango wa banda la kuku, wenye herufi nyekundu zilizopinduka chini juu, wewe uliwahi kuniuliza umetoka wapi. Ulikuwa darasa la nne, umejua kusoma, unasoma kila kitu mpaka mifuko ya chumvi. Uliinamisha kichwa chini ukasoma "MGAHAWA WA MAMA SKOLA" ukaja mbio kuniambia jina lako liko bandani. Nikakwambia ni ubao wa mtu mwingine. Basi mtu mwingine huyo ndiye anayekuandikia.

Unajua mimi ni mtu wa ziwani, wa Lipingo, na niliolewa huku milimani Mbinga nikiwa sijawahi kushika jembe la kuchimba ngoro, mashimo haya ya kulimia. Kwetu tulilima mihogo mchangani. Mwaka wangu wa kwanza baba yako alifyeka nyasi akazipanga miraba miraba kama wanavyofanya wanaume wa huku, akaniachia kazi ya wanawake, kuchimba katikati na kuzifukia nyasi kwa udongo. Nilifukia juu juu. Kwa mbali shamba lilionekana zuri kuliko ya majirani, nikajisifu. Mvua ya kwanza ikaja ikafunua nyasi zote, na udongo ukaishia mtoni. Ungedhani nilijifunza siku ile. Sikujifunza. Nilijua tu kufukia ngoro vizuri, nikadhani somo lilikuwa la ngoro.

Halafu ukaja wakati wa ruksa. Wewe umekua ukikuta wanunuzi binafsi wa kahawa wanapanda na magari yao mpaka Litembo, unadhani ilikuwa hivyo siku zote. Sisi tulitoka kwenye miaka ya kupanga foleni ya sabuni, na ghafla tukaambiwa kila mtu afanye biashara anavyoweza. Watu walipata wazimu mtamu. Mpaka katekista wetu alikuwa anauza mitumba, akimaliza kufundisha sala anafungua robota. Mimi nikawaza maharage. Maharage ya huku Mbuji na Litembo yalikuwa yanasifiwa mpaka ng'ambo ya ziwa, na ng'ambo nilikuwa na mtu wangu, mama mkubwa, dada wa bibi yako kwa baba na mama, aliyeolewa Malawi kabla mimi sijazaliwa.

Sasa sikiliza kosa langu, maana ni kosa la watu wa ziwani. Mtu wa milimani hawezi kulifanya, yeye akiona mpaka anaogopa. Sisi tulikua tukiona taa za wenzetu upande wa pili, tunaimba nyimbo zilezile, tukisalimiana tunaelewana. Kwangu ziwa lilikuwa uwanja wa nyumba moja. Nani anaomba kibali cha kuvuka uwanja wake?

Lakini gatini kwao kulikuwa na meza, na nyuma ya meza afisa, na mbele ya afisa daftari. Ukisema unatembea, unapewa siku chache na mizigo inafunguliwa. Ukisema biashara, unaulizwa kibali. Ila aliyekwenda msibani alipitishwa kwa heshima. Waliandika jina lake, waliandika aliyemfia, wakampa pole, basi. Na unajua desturi yetu, huendi matangani mikono mitupu. Mtu wa msiba akishuka na magunia ya maharage na unga, nani atamuuliza? Ni chakula cha waombolezaji.

Safari ya kwanza nilijifunga kaniki kichwani, nikashuka na magunia manne, nikamwambia afisa nimefiwa na mama yangu mzazi aliyekuwa akiishi huku kwa dada yake. Bibi yako wakati huo alikuwa Lipingo anaanika dagaa. Yule afisa alikuwa mtu mzima, mpole, mwenye miwani iliyofungwa uzi upande mmoja. Alisimama. Alitoa noti mfukoni akanipa kwa mikono miwili, akasema pole mama. Niliipokea. Nilijiambia nikikataa atashuku.

Kitu ambacho sikukifikiria ni kwamba habari ya msiba hukimbia kuliko mwenye msiba. Wachukuzi wa gatini walimjua mama mkubwa. Kabla sijafika kwake na magunia yangu, alikuwa ameshaambiwa kwamba dada yake amekufa na mtoto wa marehemu ameshuka sasa hivi. Nilimkuta chini, ameketi mkekani, khanga imeanguka begani, wanawake watatu wamemshika. Alikuwa analia kwa jina la utotoni la bibi yako, jina ambalo hata mimi sikuwa nimewahi kulisikia. Nikamwinamia sikioni nikamwambia mama mzima, ni maneno tu ya gatini. Alinyamaza. Akaniangalia. Na kwa kuwa wale wanawake walikuwa bado wapo, na aibu ingetufuata wote, akarudi kulia, safari hii kwa kunisaidia.

Usiku wake aliniambia neno moja, "Usirudie." Nikamwahidi.

Nilirudia. Safari ya pili nikasema nimekuja kumaliza matanga ya bibi yako. Kisha nikafiwa na mjomba ambaye sina. Kisha kwa kusahau, au kwa kiburi, nikafiwa na mama tena, maana zamu ile mezani kulikuwa na kijana mgeni nikaona huyu hanijui. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema, lakini hawasemi kwamba akiwa ndani yake anaiona ndefu na iliyonyooka. Maharage yalikuwa yanakwenda. Uani kwa mama mkubwa nikaweka mafiga matatu, nikaanza kupika wali na maharage kwa wachukuzi na wauza samaki. Walikuja wengi mpaka wengine wakala wamesimama. Nilikuwa na furaha, Skola, siwezi kukudanganya na hilo pia. Nilikuwa mtu wa kufukia nyasi za mwanamume, na sasa watu walikuwa wanauliza leo mama Skola amepika nini.

Ndipo nikataka mlango. Nilichoka kupika uani mwa mtu kama mwizi wa moshi. Nikapata chumba karibu na soko, nikaandikisha ubao kwa fundi wa rangi kabla ya kuandikisha biashara yenyewe, uone haraka zangu. Nikaenda kuomba kibali kama inavyotakiwa. Nilikuwa nimeamua kuwa mtu wa haki kuanzia siku hiyo, na nilidhani haki ikianza leo, mambo ya jana yanafutika yenyewe.

Fomu yangu ilikuwa fupi kuliko yako. Iliuliza ndugu wa karibu wa kupewa habari nikipata shida. Nikaandika jina la mama yangu mzazi, Lipingo, Tanzania. Sikuwaza hata kidogo. Mtu akiuliza ndugu wa karibu, mkono huandika mama.

Waliniita baada ya wiki. Nyuma ya meza alikuwa yule afisa wa miwani yenye uzi. Alikuwa na fomu yangu mkono wa kulia na daftari la gatini kushoto, limefunguliwa. Hakunifokea. Nilingoja anifokee, ingenisaidia. Aligeuza ukurasa mmoja, akageuza mwingine, akaweka kidole kwenye jina la bibi yako mara ya kwanza, kisha mara ya pili, kisha kwenye fomu ambako alikuwa hai. Akavua miwani.

"Mama," akasema, "mimi nilikupa rambirambi."

Nimesahau mengine yote aliyosema. Nilipewa siku saba za kuondoka na karatasi inayosema nisirudi kwa miaka mitano. Masufuria nilimwachia mama mkubwa. Ubao nilirudi nao, sijui kwa nini, uliniumiza bega njia nzima. Baba yako alinipokea Mbamba Bay, akautazama, akautazama uso wangu, akaubeba yeye. Hakuuliza mpaka tulipofika nyumbani, na nilipomweleza alisema tu kwamba banda la kuku halina mlango. Ndivyo alivyo. Kuna siku ukimya wake umenikera, lakini siku ile ulinitosha.

Bibi yako nilimwambia mwenyewe. Nilishuka Lipingo nikamkuta anachambua dagaa, nikamweleza kwamba katika nchi ya watu nimemuua mara mbili. Akaendelea kuchambua. Mwishowe akauliza, "Nilikufa kwa ugonjwa gani?" Nikasema presha. Akasema, "Afadhali." Akacheka mpaka akapaliwa, na mimi nikacheka, nikadhani yameisha.

Yangeishia hapo, leo ningekueleza kwa mdomo, tungecheka wote. Lakini miaka miwili baadaye bibi yako alikufa kweli. Unaukumbuka msiba ule, ulikuwa mkubwa kidogo, ndiwe uliyeshika mshumaa. Nilimtuma mtu wa mtumbwi avuke na habari kwa mama mkubwa. Siku ya kwanza tukamngoja. Siku ya pili padri alikuwa ameshafika na jeneza limeshafungwa, na mimi nikawaomba wangoje kidogo, wakangoja, mpaka wazee wakasema jua linazama. Tukazika. Uliniuliza yule bibi wa ng'ambo kwa nini hakuja, nikakujibu ziwa lilichafuka. Halikuchafuka, mwanangu. Lilikuwa limetulia kabisa.

Alikuja baada ya miezi mitatu. Alishuka na kuku mwekundu amemfunga miguu, na kitenge kipya, zawadi kwa dada yake. Mtu wa mtumbwi alikuwa amemfikia siku ileile, akiwa anatwanga mihogo, akamwambia dada yako amefariki Lipingo. Mama mkubwa akamjibu kwamba amesikia, akaendelea kutwanga. Alidhani ni uongo wangu wa gatini umeanza tena. Alidhani naleta maharage.

Nilimpeleka kaburini. Aliketi pale akiwa bado amemshika yule kuku, hakulia. Nilipiga magoti nikamwomba msamaha. Akasema, "Mimi dada yangu nilishamlilia. Machozi yake uliyatumia wewe." Akaninyanyua mwenyewe kwa mkono, hakuwa mtu wa chuki, akala nyumbani kwetu, akalala siku nne. Lakini mpaka anaondoka hakulia. Yule kuku alibaki kwetu. Alizeeka nyuma ya ule ubao, na sikuweza kumchinja.

Sasa nirudi kwako. Miaka hii miwili uliyohangaika na karatasi zako, nilikuwa nakudhihaki. Ulipokwenda Songea mara ya tatu kwa ajili ya cheti cha polisi, nilikuuliza kama unaiposa hiyo kahawa au unaiuza. Uliponiambia unakwenda kuwakaangia watu kahawa, nilisema sisi wenyewe tunailima miaka yote na tunakunywa chai, wao nani kawaroga? Nilidhihaki kwa sababu kila karatasi uliyoipata kwa njia yake ilikuwa inanionyesha mlango ambao na mimi ningeweza kuupitia. Nao ulikuwepo. Ulikuwa mrefu na wa kuchosha, lakini ulikuwepo. Wivu wa mama kwa mwanawe ni kitu cha ajabu, hukaa jirani kabisa na fahari. Jioni ile ulipotukaangia kwenye pipa, ukatupa vikombe, baba yako akakunja uso akasema ni chungu kama kwinini, nami nikamwomba kikombe chake nikakimaliza. Kilikuwa kichungu. Nilitaka uone nimekimaliza.

Kwenye mchanganuo wako kuna ukurasa mmoja uliniambia ni wa mambo yanayoweza kuharibika. Uliandika pipa linaweza kutoboka, mvua inaweza kukata barabara, watu wanaweza kukataa kahawa wakadai chai kama baba yako. Nilishangaa mtu kuandika udhaifu wake na kuupeleka kwa wakubwa kwa mkono wake mwenyewe. Ulisema, ndivyo wanavyokuamini, mama. Mimi umri huu wote sikulijua hilo. Nimelijua kwako. Ukurasa ule umesahau jambo moja, nalo ni mimi.

Huko ng'ambo watu watakupenda. Watakuita dada, watacheka unavyosema maneno kama bibi yako, utasahau kwamba wewe ni mgeni. Pendana nao, nami nitafurahi. Lakini meza ya gatini usiichukie kama nilivyoichukia mimi. Yule mzee wa miwani nilimwona kikwazo, kumbe ndiye mtu wa kwanza siku ile aliyenichukulia kuwa nimefiwa kweli.

Basi naomba hivi. Fomu ya asili unayo, utaikabidhi siku ya mahojiano. Pale swali la kumi na tatu, kata "hapana", andika "ndiyo", na pembeni andika jina langu kamili, lile la ubatizo na la baba yangu. Ndani ya bahasha hii nimeweka ile karatasi yao ya kuniondoa. Nimeitunza ndani ya kitabu cha nyimbo, imekunjika pembe moja lakini inasomeka. Waonyeshe. Miaka mitano imekwisha siku nyingi, labda watasema yamepita. Labda hawatasema hivyo. Labda watakurudisha kwa ajili yangu, na jasho lako la miaka miwili litakuwa limemwagika kwa kosa la mama yako. Naogopa hilo kuliko ninavyoweza kuandika. Ukirudishwa, rudi hapa, unifokee unavyotaka, nami nitakaa nisikilize. Pipa halitaoza.

Na ukiamua kuliacha "hapana" kama lilivyo, uamuzi ni wako, wewe ni mtu mzima na mimi sitauliza. Ila jua safari hiyo utakuwa umesafiri na kaniki yangu kichwani.

Baba yako ananiita, anasema kamba imepatikana. Nitatoka sasa nitakupikia, na nikikuona nitakwambia tena habari za blanketi. Nivumilie.

Kuna swali jingine kwenye fomu yako ambalo uliliruka haraka, la wazazi. Uliandika, mama, hai. Hilo usiliguse. Wakikuuliza mezani, inua kichwa useme ndiyo, mama yangu yu hai, yuko Mbinga, anangoja barua. Ziwa ni kubwa na mimi sizidi kuwa kijana. Ipo siku mtu atashuka gatini kwako na kukuambia kwamba sipo tena. Siku hiyo, Skola, nataka uamini mara ya kwanza.

Mama yako